Vijiko Arobaini Kasoro Kimoja

Kodiani iligoma. Baridi ya Maine,
huku juu kabisa, ambako ng'ambo ya mto ni Kanada,
iliipasua mapafu usiku ndani ya gari.
Nikaingia darasani mikono mitupu,
na watoto kumi na tisa, wa miaka minne, mitano,
buti zao zikichuruzika mlangoni,
wakanitazama kama wadai.

Hawa huwafundishi kwa ubao.
Ukisema "leo tunajifunza," wanalala.
Jumatatu tulizivisha samani:
kiti ni mwanamke, tukamfunga skafu;
benchi ni mwanamume, akapewa kofia;
meza, mama mtu mzima, akavalishwa aproni.
"Nani aliamua?" akauliza Hadley.
Sijui. Walikuwa wamekwisha kuamua nilipofika.
Akaridhika. Akaenda kumkumbatia kiti.

Jumanne ilikuwa zamu ya ile u yao ngumu:
sema i, huku umechongoa midomo
kama unayepuliza uji wa moto.
Madirisha yote yakafanya ukungu,
na Wyatt akaichorea u yake masikio.

Lakini leo, bila kodiani?
Niliteremka jikoni kuazima vijiko.
Verline Ouellette hakuuliza vya nini.
Alinihesabia arobaini, kwa Kiingereza,
kwa sauti ya mtu anayekopesha damu yake.

Vijiko viwili, mgongo kwa mgongo,
kidole katikati, gonga paja, gonga kiganja:
ta-ka-ta, ta-ka-ta.
Mdundo ukikufikia, taja kitu.
Ukikupita hujataja, umekuwa kiazi:
keti katikati ya duara
mpaka uchimbwe.
*La neige!* ta-ka-ta. *La porte!* ta-ka-ta.
Emmett alikuwa kiazi mara tatu, makusudi,
kwa kuwa anayechimbwa hutekenywa.

"Na hiki mlichoshika?"
Kimya.
Nikawapa neno kama nilivyopewa chuo kikuu,
limefuliwa, limepigwa pasi: *cuillère*.
Ndimi zikateleza. Kwi... kwe... kwiya...
Mdundo ukafa mapajani.

"Chuiyer," ikasema sauti mlangoni.
Verline, mikono imejaa unga,
amekuja kudai vijiko vyake.
"Sisi husema chuiyer."
Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja cheupe,
akageuka kuitazama korido, urefu wake wote,
kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

Alikuwa na miaka sita, katika jengo hili hili,
walipomwandikisha mara mia:
sitasema Kifaransa shuleni.
Aliniambia baadaye, akisugua sufuria,
kwamba mkono haukumuuma sana.
Alikuwa ameomba tu kwenda msalani.

Watoto hawakujua kuna cha kuogopa.
Chuiyer! ta-ka-ta! Chuiyer!
Neno lile lina makucha, liling'ang'ania ulimi,
likaruka kutoka kwa Hadley hadi kwa Wyatt,
likapanda benchi, likaangusha kofia.
Nikafungua kamusi: halimo.
Na mdundo ulikuwa umeshanifikia, ukanipita
nikiwa napekua kurasa.
"Kiazi!" wakapiga kelele. "Mwalimu kiazi!"
Nikaketi katikati ya duara.
Verline ndiye aliyenichimba.
Sweta yangu ina vidole vyake mpaka sasa, kumi, vya unga.

Jioni vilirudi thelathini na tisa.
Nikaanza kuomba radhi, nikataja buti,
nikataja mifuko ya makoti, nikataja theluji.
Hakunisikiliza. Alikuwa anahesabu upya,
safari hii kwa Kifaransa, akivipanga mezani,
akakwama penye kumi na sita,
akafumba macho, akalipata, akasonga mbele.

"Kasoro kimoja," akasema,
akafunga droo kwa nyonga.
"Kiache kitembee."